Zamu ya Yangdol

Huku Ladakh, kijijini kwetu, uongozi wa maji hauombwi.
Unazunguka: mwaka huu nyumba hii, mwakani ya jirani.
Mwaka ule ulitua kwako, Yangdol,
mjane mwenye mbuzi tisa na goti bovu,
tukachekea ndani ya vikombe vya chai ya chumvi.
Tukasema, bwana maji safari hii ni bibi.
Tutaona.

Mlima ulikuwa umeshaanza kutunyima.
Babu alipokuwa kijana barafu ilishuka
hadi kwenye jiwe lenye mgongo wa farasi.
Baba alipanda nusu siku kuigusa.
Mimi naitazama tu, juu kule,
jino la mwisho kinywani mwa kizee.
Maji yaliyokuwa yakifika mwezi wa tano
sasa yanakuja yakijikokota, mwezi wa sita umeshagawanyika,
na shayiri haijui kusubiri.

Alikuja ofisa kutoka mjini, Bwana Namtak,
na gari jeupe na bango lenye picha ya mlima wetu.
Mlima wa bangoni ulikuwa na theluji kuliko wetu.
Alisema saa mbili. Akataja dunia, viwanda vya mbali,
mikutano, na miaka ya mbele
ambayo wengi wetu itatukuta majivu.
Tukapiga makofi, maana alileta biskuti.
Wewe ukauliza moja tu:
"Haya maji machache, nimpe nani, nimnyime nani?"
Akaandika daftarini. Nadhani mpaka leo anaandika.

Usiku ule ulipita mfereji kwa mfereji,
ukipima kina kwa kamba yenye mafundo.
Asubuhi ukatuita kwenye bwawa:
yatatosha mashamba kumi na manne.
Na sisi tu nyumba ishirini na mbili.
Kila mtu akatazama viatu vya mwenzake.
Ukashuka, na goti lako hilo,
mpaka shamba lako chini ya mipopla, bora kuliko yote,
ukaziba lango kwa udongo na tambara la bluu
lililokuwa shali ya marehemu.
"Moja," ukasema. "Bado saba."

Hapa ningependa kusema nilikuwa wa pili.
Wa pili alikuwa mzee Gyurmet, wa tatu mama yake Kunzes.
Mimi sikuwa hata wa nane.
Na jina langu lilipotajwa miongoni mwa wa kungoja siku tano,
usiku wa tatu nilikwenda na sepetu,
nikang'oa kizibo, maji yakaingia kwangu
yakinong'ona kama watu wanaoniteta.

Ulinikuta. Hukupaza sauti.
Uliketi ukingoni, ukavua kiatu, ukakung'uta kokoto.
"Watoto wangapi?"
"Watatu."
"Yaache mpaka nyota ile iguse kilele. Kisha ziba mwenyewe.
Na kesho utasema wewe, si mimi."

Nilisema. Ulimi ulikuwa mzito kuliko sepetu.
Angchuk alitema mate. Hajanisalimu mpaka leo.

Majira ya baridi tulipanda sote
kujenga kuta za mawe kwenye kivuli cha bonde,
tuyakamate maji yanayopita bure, yagande, yatungoje.
Ukuta wa kwanza ulibomoka. Wa pili ukashika kidogo.
Bwana Namtak alikuja akaupiga picha,
akasimama mbele yake, ukuta hauonekani.

Shayiri yako mwaka ule haikutoa hata mkono mmoja.
Tulikuletea unga, kila nyumba kibaba.
Nyumba mbili hazikuleta. Ulizijua, hukuzitaja.

Sasa zamu imegonga mlango wangu.
Umeniachia kamba, mafundo yamelainika kwa vidole vyako,
na hukuniachia neno lolote la hekima;
ulisema tu fundo la sita linadanganya, nilihesabu kwa makini.

Kumekucha. Mfereji una maji ya kifundo cha mguu.
Wananingoja bwawani, Angchuk naye, amekunja mikono.
Natafuta tambara.
Shamba langu ndilo la karibu.